Mwenye Kovu Usidhani Kapoa: Riwaya ya Mapenzi ya Mji Mdogo na Swali la Jirani

Wahenga waliacha usia mfupi kuhusu majeraha: mwenye kovu usidhani kapoa. Kuna kumbo moja la riwaya lililojengwa juu ya usia huo tangu ukurasa wa kwanza, nalo ni kumbo ambalo wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kulipita kwa dharau. Ni riwaya ya mapenzi ya mji mdogo, hasa ile ya Marekani, ambamo mtu aliyevunjwa na msiba, vita au kipigo huhamia mahali asipojulikana, akapata kazi, akapata majirani, hatimaye akapata mpenzi, akapona. Nakala za riwaya za mapenzi za Kiingereza huuzwa kwa bei ya chini katika vibanda vya vitabu vikuukuu jijini Nairobi. Husomwa mabwenini usiku, lakini asubuhi darasani ni nadra kumpata anayekiri kwamba amezisoma.

Makala haya yanadai mambo mawili ambayo huenda yakaonekana kupingana. Kwanza, kumbo hili lina jambo la thamani ambalo riwaya ya Kiswahili imelitoa kwa uchache mno: linamruhusu aliyejeruhiwa, na hasa mwanamke, aendelee kuishi. Pili, uponyaji wake umesimama juu ya uongo mmoja mkubwa, yaani kwamba mji wenyewe hauna hatia. Mwandishi wa Kenya atakayelichukua kumbo hili jinsi lilivyo atachukua dawa pamoja na sumu yake.

Umbo la kumbo

Mfano ulio wazi ni Virgin River, riwaya ya Robyn Carr iliyochapishwa mwaka 2007. Riwaya hiyo ilizaa mfululizo mrefu wa vitabu, kisha mchezo wa runinga ulioanza kuonyeshwa na Netflix mwaka 2019. Mhusika mkuu, Melinda Monroe, ni muuguzi na mkunga kutoka Los Angeles. Mumewe, ambaye alikuwa daktari, ameuawa kwa risasi katika wizi wa dukani. Mel, kama anavyoitwa, anapata kazi katika kimji cha milimani kaskazini mwa California, anafunga virago na kuondoka. Anapofika, nyumba aliyoahidiwa ni gofu, na daktari mzee wa mahali hapo hataki msaidizi. Mel anaazimia kurudi alikotoka. Hapo ndipo mtoto mchanga anapoachwa barazani mwa zahanati, na anayestahili kumtunza ni yeye. Siku moja inakuwa siku kadhaa, na siku kadhaa zinakuwa maisha. Mwenye baa ya mji, Jack Sheridan, ni mwanajeshi mstaafu aliyepigana Iraki, naye ana vidonda vyake visivyoonekana.

Kitabu cha pili cha mfululizo huo, Shelter Mountain, kilichotoka mwaka huohuo, kinamleta Paige, mwanamke anayemkimbia mume mkatili akiwa na mwanawe mdogo. Anayempokea ni mpishi wa baa ileile. Nicholas Sparks naye, katika Safe Haven (2010), anamleta Katie katika mji wa pwani wa Southport, North Carolina. Katie anamtoroka mume ambaye ni mpelelezi wa polisi wa Boston na mlevi. Anakuwa mhudumu katika mkahawa, kisha anampenda mjane mwenye duka na watoto wawili.

Wahusika hubadilika, lakini msuko ni uleule. Anayewasili ana siri. Mji unamchungulia, unamdadisi, unamletea chakula. Anapewa kazi ya mikono. Siri inafichuka, hofu inarudi kwa mara ya mwisho, kisha panakuwa na harusi au ahadi ya harusi. Wahakiki huutazama msuko huu na kuupachika jina la "riwaya pendwa", neno ambalo katika kumbi za mihadhara aghalabu hutamkwa kana kwamba ni utambuzi wa maradhi. Hoja yao ni kwamba riwaya ya aina hii hurudiarudia, hutabirika na humlewesha msomaji.

Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Ngano nazo hurudiarudia na hutabirika, na hakuna mhakiki wa Kiswahili anayethubutu kuzidharau kwa sababu hiyo. Mwaka 1984 mtafiti Janice Radway alichapisha Reading the Romance, utafiti kuhusu wanawake wasomaji wa riwaya za mapenzi katika mji wa Marekani aliouficha kwa jina la Smithton. Alitambua kwamba kwa wanawake hao kusoma kwenyewe kulikuwa kitendo. Mama aliyefungua kitabu alikuwa akitangaza kwamba kwa muda huo haitikii wito wa mume wala wa mtoto. Swali la maana basi si iwapo riwaya hizi zinatabirika. Swali ni hili: ni tamaa gani ya msomaji inayotimizwa na utabirikaji huo?

Rosa na Mel

Jibu linaanza kuonekana pale kumbo hili linapowekwa karibu na riwaya ya Kiswahili inayofahamika kwa kila msomaji wa jarida hili. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Rosa anakulia Namagondo, kisiwani Ukerewe, chini ya Zakaria, baba mlevi anayempiga kwa ajili ya barua ya mvulana. Kipigo hicho ni jeraha la kwanza, na mengine yote yanatokana nalo. Rosa anapopata uhuru wa shule na chuo hajui namna ya kuutumia. Anapopendwa tena na Charles, anahukumiwa kwa mwili wake na kuachwa. Anajiua.

Namagondo na Virgin River ni mahali padogo. Kote kuwili kila mtu anamjua kila mtu, na hakuna mlango usiosikika unapofunguliwa. Hata hivyo, kujulikana huko kunazaa matunda tofauti kabisa. Namagondo kujulikana ni mahakama. Virgin River ni wodi. Mel anapolia, mji unasikia na kumletea mchuzi. Rosa anapoteleza, mji unasikia na kumtungia sifa.

Kezilahabi hakukosea. Riwaya yake ni shtaka dhidi ya malezi ya kikatili na dhidi ya jamii inayopima utu wa mwanamke kwa ubikira wake. Kupigwa marufuku kwake katika shule za Tanzania ni ushahidi kwamba shtaka lilisikika. Isitoshe, wapo wahusika wa Kiswahili walioruhusiwa kurudi kutoka shimoni, akiwamo Maimuna wa Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed. Lakini mwanafunzi anayepitia orodha ya vitabu vya kutahiniwa hukutana mara kwa mara na mwanamke ambaye jeraha lake limewekwa pale ili wengine wajifunze. Akishafunza, kazi yake imekwisha. Analiliwa, anajadiliwa katika insha za "jadili maudhui ya malezi", kisha anazikwa.

Riwaya ya mapenzi ya mji mdogo inauliza swali ambalo insha hizo haziulizi: je, asubuhi ya siku ya pili itakuwaje? Mtu aliyepigwa anaamkaje, anakula nini, anafanya kazi gani, anamwamini nani kwanza? Hili si swali dogo. Katika nchi ambamo waliopitia ukatili ni wengi na wanaoendelea kuishi nao ni wengi vilevile, fasihi inayojua kuwaua tu wahusika wake waliojeruhiwa imewaacha wasomaji wake njiani.

Kinachoponya si busu

Wanaolidhihaki kumbo hili hudhani kwamba linafundisha jambo moja tu, nalo ni kwamba mwanamke mwenye kiwewe anahitaji mwanamume. Anayesoma kwa makini huona jambo jingine. Katika Virgin River, kabla ya mapenzi kuwa na nguvu, Mel amekwisha kumlea mtoto aliyetupwa na kuwazalisha wanawake wa milimani. Katie wa Southport anabeba sahani na kukarabati nyumba yake ndogo kabla hajathubutu kuketi mezani na mtu. Kurasa nyingi za riwaya hizi ni za kupika, kupaka rangi, kupanda na kufagia.

Daktari wa maradhi ya akili Judith Herman, katika kitabu chake Trauma and Recovery cha mwaka 1992, aligawa safari ya kupona katika hatua tatu: kupata usalama, kukumbuka na kuomboleza, na kuungana upya na watu. Alisisitiza kwamba mtu haponi akiwa peke yake, na pia kwamba anayepona ndiye mwenye usukani wa kupona kwake. Wengine ni wasaidizi tu. Msuko wa riwaya ya mji mdogo unakaribia sana hatua hizo. Nyumba ndogo yenye kitasa kinachofunga ni usalama. Siri inayosimuliwa usiku ni maombolezo. Karamu ya mwisho, ambapo mji mzima unakula pamoja, ni kuungana upya.

Ni kweli kwamba pale kumbo linapolegea, mwanamume anageuka kuwa mganga na mlinzi kwa pamoja. Mara nyingi ana kifua kipana, bunduki na subira isiyokuwa ya kibinadamu. Riwaya zilizo bora zaidi katika kumbo hili zinajua kwamba mpenzi ni zawadi ya mtu aliyeanza kupona. Hapo ndipo zinapostahili heshima ya mhakiki.

Mji usio na hatia

Kasoro kubwa ya kumbo iko kwingine, katika jibu la swali hili rahisi: jeraha lilitoka wapi? Jeraha la Mel lilitoka Los Angeles. La Jack lilitoka Iraki. La Katie lilitoka Boston. Katika Safe Haven mume mkatili anasafiri hadi Southport, anawasha moto unaoteketeza duka, anapambana na mkewe na kufa kwa risasi. Uovu umekuja kwa barabara kuu, umefanya uharibifu na umezikwa. Mji unabaki ulivyokuwa, safi na mkarimu.

Debbie Macomber alikaribia kutoka katika mtego huo katika 16 Lighthouse Road (2001), kitabu cha kwanza cha mfululizo wake wa Cedar Cove. Jaji Olivia Lockhart alimpoteza mwanawe aliyefariki majini. Mbele yake mahakamani wanasimama vijana wawili waliompoteza mtoto wao mchanga na wanaotaka kutalikiana. Jaji anakataa kuwapa talaka. Safari hii maumivu ni ya wenyeji wenyewe. Lakini hata hapa hakuna mkosaji, kwa sababu maji hayashtakiwi.

Usafi huu haulingani na miji midogo ya Marekani kama ilivyo. Tangu mwaka 2010 zaidi ya hospitali mia moja za mashambani nchini humo zimefungwa au zimeacha kulaza wagonjwa, na uraibu wa dawa za kutuliza maumivu umezizika familia nyingi katika miji iyo hiyo iliyopoteza viwanda. Msomaji wa Marekani ananunua kitabuni mji ambao barabarani haupo tena. Hilo lenyewe si dhambi, kwani fasihi ya faraja ina haki yake. Tatizo linaanza pale umbo hilo linapovuka bahari.

Kikulacho ki nguoni

Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo. Tume ya Waki iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na mamia ya maelfu walifukuzwa makwao. Mengi ya hayo yalitokea katika miji midogo na vijiji vya Bonde la Ufa. Silaha nyingi hazikuja kwa barabara kuu. Zilitoka katika boma la pili.

Hebu msomaji amfikirie mjane wa kubuni anayerudi katika mji mdogo wa aina hiyo ili aanze maisha upya, kama msuko unavyodai. Anafungua kibanda cha mboga. Asubuhi ya kwanza anahitaji maziwa. Katika riwaya ya Marekani, jirani mwenye maziwa angekuwa bibi mcheshi anayejua habari za kila mtu. Hapa, mkono unaopima maziwa huenda ndio uliobeba kiberiti, au ni mkono wa mama wa aliyekibeba, au wa aliyeona akanyamaza. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mji hauwezi kumponya mjane huyu kwa ukarimu tu, maadamu ukarimu huo haujajibu swali la usiku ule. Kumletea mchuzi bila kumletea ukweli ni kumtaka aufunike moto kwa sufuria.

Riwaya ya Kiswahili imelitambua jambo hili. Katika Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei (2014), iliyopata kuwa kitabu cha kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, Ridhaa anaipoteza familia yake katika moto, na anayehusika ni Mzee Kedi, jirani wa miaka mingi. Mwandishi hakulitafuta jeraha mbali. Alilipa jina, sura na ua linalopakana na ua la mwathiriwa. Mwanawe Ridhaa, Mwangeka, aliyekuwa kazini ng'ambo, anarudi na kukuta mkewe Lily na binti yao wameteketea. Baadaye anamwoa Apondi, mwanamke ambaye naye amefiwa na mume, na nyumba yao inampokea Umulkheri, msichana aliyeachwa bila wazazi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mwanafunzi aliyekwisha kusoma Virgin River atalitambua umbo hilo mara moja. Wajane wawili, mtoto asiye na mtu, nyumba mpya: huo ndio msuko wa uponyaji wa riwaya ya mapenzi, umeota katika udongo wa Kenya na kati ya watu wanaojua nani alifanya nini. Lakini Chozi la Heri ina mengi ya kubeba, kuanzia ardhi na siasa hadi elimu na ukeketaji, na mapenzi ya Mwangeka na Apondi ni tawi moja tu la mti mkubwa. Bado yupo anayesubiriwa kulifanya tawi hilo kuwa mti kamili.

Kufukua mifupa

Je, inawezekana mji uliotenda uovu uwe pia mji unaoponya? Toni Morrison alijibu katika Home (2012). Hiyo si riwaya ya mapenzi, lakini inatembea katika njia hiyohiyo. Frank Money, askari aliyerudi kutoka vita vya Korea, anamchukua dada yake Cee kutoka kwa daktari aliyemfanyia majaribio mwilini, na kumpeleka Lotus, Georgia, kimji walichokichukia utotoni. Wanawake wa Lotus wanamtibu Cee kwa mikono migumu na maneno makali zaidi. Hawamwonei huruma, wanamdai ajithamini. Cee anajifunza kushona na anaanza kujitegemea.

Lakini Morrison hamalizii hapo. Frank analazimika kukiri kwamba katika vita yeye mwenyewe alimuua mtoto, na kwamba kwa muda mrefu alilisimulia tendo hilo kana kwamba ni la mwingine. Kisha ndugu hao wawili wanafukua mifupa ya mtu aliyezikwa ovyo, jambo walilolishuhudia wakiwa watoto, na kuizika upya kwa heshima. Lotus inakuwa nyumbani baada ya kazi hiyo ya koleo. Uponyaji na ushahidi vinakwenda pamoja, na hakuna kimoja kinachokaa badala ya kingine.

Yamkini mtetezi wa kumbo atajibu kwamba msomaji wa riwaya ya mapenzi anatafuta pumziko, si tume ya uchunguzi, na kwamba kumbebesha mifupa ni kumnyang'anya saa yake moja ya faraja. Pingamizi hilo ni zito. Tamati ya heri ni mkataba kati ya mwandishi na msomaji wa kumbo hili, na anayeuvunja ameandika kitu kingine. Hata hivyo, hakuna anayetaka harusi ifutwe. Kinachotakiwa ni kwamba miongoni mwa wageni wa harusi hiyo awepo jirani ambaye amesema alichokifanya, na kiti kimoja ambacho kimeachwa wazi kwa sababu mwingine alikataa kusema. Msomaji aliyeishi katika mji kama huo hafarijiwi na mji asioutambua. Hupumzika zaidi pale kitabu kinapojua anachokijua yeye.

Kazi iliyosalia

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili hujadili kila mwaka hali ya riwaya na kulalamika kwamba vijana hawasomi. Vijana wanasoma. Wanasoma riwaya za mapenzi, kwa Kiingereza, kuhusu miji ambayo hawataiona. Kuwakemea hakujasaidia. Idara za Kiswahili zinaweza kuanza kwa kuliruhusu kumbo hili liingie katika tasnifu bila kuomba radhi, na kulipima kwa maswali ya fani na dhamira kama riwaya nyingine yoyote. Warsha za uandishi nazo zinaweza kuacha kumwuliza kila mwandishi chipukizi atafunza nini, zikamwuliza mhusika wake ataishije Jumatatu baada ya msiba.

Riwaya inayosubiriwa si vigumu kuielezea. Imewekwa katika mji wa barabara moja, wenye posho-mili, kanisa, msikiti na stendi ya matatu. Mhusika wake mkuu amerudi, hakuja kama mgeni. Ana kazi ya mikono na mlango unaofungwa kwa ndani. Yupo anayempenda na anayejua kusubiri. Na yupo jirani, ng'ambo ya ua, ambaye kila asubuhi anatazama chini wanapokutana kisimani. Mapenzi yatapata kurasa zake. Lakini msomaji wa Kenya atakifungua kitabu hicho kwa swali jingine, na mwandishi atakayelikwepa atakuwa ameona kovu akadhani kapoa: je, ni lini jirani yule atainua macho, na akiyainua, atasema nini?